Dalali Asiyevuka Kizingiti

Thuc hakuwa mtu wa kukaa. Hata kwenye kigoda alikalia nusu, goti moja nje, kama anayesubiri kuitwa. Mkewe, Luu, alikuwa akimwambia, "Wewe unakula kama una abiria nje." Na zamani kweli alikuwa nao.

Alianza kwa pikipiki. Alisimama kwenye mdomo wa soko la Ban Co, pale Saigon, akibeba akina mama na vikapu vyao. Shule hakuijua, ila tarakimu na jina lake. Lakini alipokuwa barabarani macho yake yalikuwa kwenye milango ya watu. Alijua mlango gani wa chuma haujafunguliwa tangu juzi. Alijua fundi cherehani gani kagombana na mwenye nyumba. Abiria akimuuliza, "Kuna fremu tupu ya duka huku?" alimpeleka hadi mlangoni, akachukua nauli yake, akaondoka.

Siku moja muuza vitambaa aliyempatia fremu alimfuata kijiweni na bahasha. Akamwambia ni udalali wake. Thuc akaipeleka nyumbani bila kuifungua. Luu alikuwa akiuza wali wa chenga na nyama ya kuchoma pale mbele ya nyumba yao. Akafuta mikono, akaifungua, akacheka.

"Sasa kwa nini unachoma petroli," akasema, "na unaweza kuuza milango?"

Ndivyo alivyokuwa dalali.

Jina lake lakini lilitokana na uji. Alimpangishia bibi mmoja fremu ya kuuza uji wa samaki. Asubuhi ya kufungua ilinyesha mvua kubwa, hakuna aliyepita. Thuc akaingia kujikinga, akanunua bakuli, akala amesimama. Mvua ikakatika. Watu wakaingia, na hawakuacha kuingia kwa miaka. Yule bibi akatangaza mtaa mzima kwamba dalali huyu ana mguu mwepesi, akiingia wa kwanza duka linapona.

Kule hilo si jambo dogo. Mteja wa kwanza siku ya kufungua ndiye anayeachia duka bahati yake, nzuri au mbaya. Basi kila aliyepangishiwa na Thuc akataka Thuc huyohuyo aje alfajiri, anunue kitu, atoke akitabasamu. Baadaye na waliopangishiwa na madalali wengine wakamwita. Kisha wenye maghorofa. Watu waliovaa tai wakampigia simu, "Mzee, tunafungua ofisi Jumatatu, njoo mapema." Akawa anapangisha fremu, kisha nyumba nzima za barabarani, kisha sakafu za maofisi. Ofisi yake mwenyewe ilibaki tandiko la pikipiki. Luu alimpigia pasi shati, akamwambia, "Ingia kama una njaa," naye akaenda.

Kisha Luu akaugua. Hakuugua sana. Akafa.

Watu wake walimwambia akae nyumbani, angalau siku mia za msiba zipite. Thuc akakaa hadi wageni walipoondoka. Nyumba ilikuwa na sahani nyingi. Akawasha pikipiki akatoka.

Alivaa kitambaa cheusi kidogo kifuani, kimebanwa kwa pini, kama wanavyovaa wafiwa. Na hapo ndipo milango ilipoanza kufungwa, kwa adabu. Mwenye nyumba mmoja waliyejuana naye tangu nywele zote zikiwa nyeusi alimtolea chai hadi barabarani. Wakanywa wamesimama, yule mzee ameujaza mlango wake wote kwa mwili.

"Pole sana, mdogo wangu. Hiyo ghorofa ya juu tutaiongea."

"Lini?"

"Miezi ikipita. Wewe pumzika kwanza."

Hakuna aliyetamka neno nuksi. Hakukuwa na haja. Mfiwa haingii kwa watu, sembuse kwenye duka jipya. Thuc mwenyewe aliwahi kumrudisha mchora mabango aliyekuwa na kitambaa kifuani, na wala hakumwona mtu mbaya. Ilikuwa desturi tu. Sasa desturi imefika kwake, na yeye hana pa kwenda. Nyumba moja tu katika mji mzima ndiyo angeweza kuingia bila kumtia mtu hofu, na hiyo ndiyo asiyotaka kuiingia.

Akawa anazunguka. Anavuka daraja kwenda wilaya ya Binh Thanh, anarudi, anavuka tena. Anasoma namba za simu zilizopigwa rangi kwenye milango ya watu. Wiki moja, mbili. Siku moja alipokuwa kwenye taa nyekundu alifungua pini, akakitia kile kitambaa mfukoni. Taa ikawaka kijani.

Siku hizo ndipo Khue alipompigia.

Khue alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Quy Nhon, mji wa pwani mbali na Saigon, mwembamba, mwenye haraka. Aliuza miwani kwao, kwenye meza sokoni, na sasa alitaka duka Saigon. Aliuza shamba la wazazi kwa ajili hiyo. Hakuwa na ndugu mjini. Thuc akampeleka kwenye nyumba ya kona ya Bibi Muoi.

Nyumba ile ilikuwa nzuri na ilikuwa na historia. Waliingia wauza chai ya maziwa, wakafunga. Waliingia wa simu, wakafunga. Wakaja wa nguo za harusi, na hao waliondoka hata masanamu yao hawakuyachukua, yakabaki yamesimama gizani na shela. Bibi Muoi, mwenye nyumba, mjane wa miaka mingi, aliishi juu na alishuka kila jioni kuyatazama.

Khue alizunguka ndani, akagonga kuta, akatazama barabara zote mbili.

"Naichukua, baba mdogo," akasema, kama kule wanavyomwita kwa heshima mtu mzima hata asiye ndugu. "Kwa sharti moja."

"Sema."

"Wewe ndiye uingie wa kwanza siku ya kufungua. Wamenieleza habari zako. Kama huji, sisaini."

Thuc akatazama masanamu. "Tutaona," akasema.

"Hapana, tusione. Ndiyo au hapana? Mwezi wa mizimu unakuja."

Ni kweli ulikuwa unakuja, ule mwezi wa saba ambao Saigon nzima hakuna anayefungua duka wala anayesaini. Bibi Muoi akadakia kutoka kwenye ngazi, "Ndiyo! Atakuja! Lini Thuc alishindwa kuja?"

Khue akasaini. Alipoondoka, Bibi Muoi akamshika Thuc mkono. Bibi huyu alikuwa mazishini, alilia kuliko majirani wote.

"Bibi, unajua hali yangu," Thuc akasema.

"Najua. Na huyu anatoka Quy Nhon. Nani atamwambia? Wewe?"

"Mguu wangu sasa ni mzito."

"Mguu wako! Nyumba yangu imekaa tupu hadi panya wamehama. Ukimwambia, anakimbia kesho. Na wewe jina lako linakwisha, si ndiyo? Nani atamwita dalali mgane? Kiache hicho kitambaa mfukoni, ingia, nunua miwani, toka. Dakika mbili."

Thuc akapanda pikipiki, akaondoka.

Zilifuata siku za kazi. Mafundi walikuja, vioo vikaja, taa zikaja. Thuc alikuwa pale kutwa, akipima, akibeba, akigombana na fundi umeme. Kazi ilimfaa. Alipokuwa ameshika futi hakufikiri. Khue alikuwa akimletea kahawa ya barafu, akimpa na habari za kwao ambazo hakuziomba.

"Baba mdogo, mama mdogo yuko wapi? Mlete siku ya kufungua. Nitampa miwani ya fremu za dhahabu."

Thuc akasema, "Ana kazi."

Neno hilo lilimkaa. Akapanda pikipiki, akaenda hadi bandarini bila sababu. Ana kazi. Alirudi na jioni hiyo hakula. Kesho yake alirudi dukani kabla ya mafundi, akasimama nje, akaondoka, akarudi.

Jambo lililomsumbua halikuwa uongo. Dalali aliyewahi kusema ukweli wote hajazaliwa. Kilichomsumbua ni hiki. Duka likifa, siku moja watu watajua, na watasema ni kifo cha Luu kilicholiua. Watamtaja Luu kama watajavyo panya. Na duka likistawi, basi kifo chake hakikuwa kitu, mtu anaweza kukikunja akakitia mfukoni akaendelea na biashara. Aligeuza huku akageuza kule. Hakuona njia ya kuingia mlango ule.

Siku ya kufungua ikafika. Khue aliweka meza nje, kuku mzima, matunda, maua ya manjano, ubani. Mungu wa ardhi, anayelinda duka kutoka kijumba chake kidogo, naye akawekewa kahawa yake pale chini mlangoni. Majirani walisimama pembeni wakingoja. Hakuna aliyekanyaga kizingiti. Muuza tiketi za bahati nasibu alikuwepo, na mwenye mkahawa wa ng'ambo, na wateja wake, na miongoni mwao Vinh.

Vinh alikuwa dalali wa kampuni moja kubwa yenye ghorofa la vioo. Mnene, mcheshi, ana mke na watoto na wakwe wote wazima. Wamiliki waliomkimbia Thuc wote walikimbilia kwake. Alikuja kunywa kahawa, alisema. Kila mtu alijua alikuja kuona kama Thuc ataingia.

Bibi Muoi alikuwa ameketi kwenye kiti cha uvivu, kavaa hariri. Khue akatoka ndani, nywele zimefungwa, uso umeiva kwa wasiwasi.

"Baba mdogo, karibu! Ingia!"

Thuc alikuwa na shati la pasi. Alilipiga mwenyewe, na kola ilikuwa na kunjo. Akasogea hadi kizingitini. Akaona ndani vioo vinawaka, na miwani imepangwa safu kwa safu kama watu wanaomtazama. Mguu ukanyanyuka. Akaurudisha.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Mke wangu amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa mdomo wake. Wengine walikuwa wakiyasema, yeye akiitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakibana kifuani. Pini ilimsumbua. Hakuna aliyemsaidia.

Khue alikuwa mweupe kama karatasi. "Lini?"

"Kabla hujanipigia."

"Kabla?" Sauti ikapanda. "Umeshinda humu mwezi mzima! Umebeba vioo vyangu! Umelala mchana kwenye sakafu yangu!"

"Ndiyo."

"Na mimi nakuletea kahawa! Nakuuliza mama mdogo yuko wapi, unaniambia ana kazi! Kazi gani? Mzee gani wewe?"

"Mimi sikujua lolote!" Bibi Muoi akapaza sauti kutoka kitini. "Mbele ya mungu wa ardhi, sikujua!"

Thuc akamtazama. Hakumsemea. Muuza tiketi akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

Khue alizunguka meza mara mbili, mikono kichwani. Kisha akawa mtu wa sokoni. Akachukua gazeti, akalikunja, akaliwasha. Akaupitisha moto kizingitini, kulia na kushoto, huku akibinua midomo na kuifukuza nuksi isiyoonekana. Akafukiza kila alipokumbuka Thuc alipita. Akatoka na kile kipande kilichobaki kinawaka, akakitupa chini mbele ya Thuc.

"Ruka."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Ruka!"

Akaruka, kwa umri ule, na viatu vyake vya mpira. Watu wakacheka. Mwenye mkahawa akapiga makofi.

"Rudi hivi, ruka tena! Goti lile limepita pembeni!"

Akaruka tena. Mwenyewe alishangaa, kitu kidogo kilimlegea kifuani. Kisha Khue akasimama mbele yake, machozi yamemjaa, na kuku wake anaanza kupoa.

"Sasa nani ataingia? Sina mtu mji huu. Saa nzuri inapita. Wewe ni dalali. Nitafutie mguu."

Thuc akageuka. Akatazama zile nyuso zote kama alivyozoea kutazama milango. Yule ametalikiwa. Yule ana kesi. Yule mkewe mjamzito, haifai. Macho yakavuka barabara, yakatua kwa Vinh, na hapo yakasimama. Alijua anachofanya. Aliyeingia nyumba hii ya kona leo ndiye angeitwa kesho, na keshokutwa, na wenye tai, na wenye maghorofa. Akavuka.

"Vinh. Simama."

"Kuna nini, kaka mkubwa?"

"Nenda ukanunue miwani."

"Macho yangu mazima."

"Nunua ya jua."

Vinh akaiweka glasi chini. Ucheshi ukamtoka usoni. "Kaka, unajua watakachosema watu?"

"Najua. Chomekea shati. Na utabasamu, usiingie kama umekuja kudai kodi."

Vinh akavuka barabara, akavuka na kizingiti. Khue akampokea kwa mikono miwili. Akatoka amevaa miwani nyeusi kubwa, anacheka, na watu wakamiminika. Bibi Muoi akapigwa picha. Thuc alibaki ng'ambo, amesimama, hana kigoda.

Duka lile halikufa. Halikuvuma pia. Linauza miwani hadi leo. Lakini jina la mguu mwepesi lilihama asubuhi ileile. Simu za alfajiri zikaenda kwa Vinh. Ya Thuc ikanyamaza hata akawa anaitoa mfukoni kuona kama imekufa.

Akaendelea kuzunguka, sasa na kitambaa kifuani. Hakukitoa tena. Ilikuwa baada ya mwezi wa mizimu, mtu mmoja na mkewe, wauza tambi, walipomsimamisha barabarani. Walikuwa wamesikia yote. Lakini walikuwa wageni, hawakujua milango, na Vinh hakuwa na nafasi ya watu wa tambi.

"Nitawaonyesha," Thuc akasema. "Ila mimi siingii."

Akawapeleka. Akafungua kufuli, akanyanyua mlango wa chuma, akawapa ufunguo, akarudi nyuma hadi ukingo wa barabara. Akaanza kutembea kwenda na kurudi, kama fundi anayesubiri saruji ikauke. Kwa desturi angekuwa ndani, akisema hapa jiko, hapa feni, hewa nzuri, hapa usijali. Safari hii wale wawili waliingia peke yao. Akawasikia wakinong'ona, wakicheka, wakigombana kidogo juu ya ngazi. Mke akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, hili doa la ukutani ni la nini?"

"Maji ya jirani!" Thuc akajibu kutoka barabarani. "Mvua ikizidi!"

Alikuwa amelitangaza kwa kelele doa ambalo, angekuwa ndani, angelipita haraka bila kulitaja. Mtu hawezi kunong'ona uongo akiwa ng'ambo ya njia, na majirani wanasikia. Wakatoka, wakasema wanaichukua, doa lirekebishwe.

Wakaja wengine. Ikawa ndiyo kazi yake mwaka ule. Watu waliipenda. Walisema ukienda na Thuc unaiona nyumba yenyewe, huoni mdomo wa dalali. Mwenye nyumba hana hofu, maana mfiwa hagusi kizingiti chake. Hata yule mzee wa chai akampa ghorofa yake ya juu, akimkabidhi ufunguo kwa urefu wa mkono. Thuc alipangisha nyingi kuliko alivyopangisha mwaka wowote wa nyuma, na kila moja aliipangisha akiwa nje, akitembea kwenda na kurudi.

Na kila mteja mpya alimuuliza, "Mzee, huingii?"

"Nina msiba."

"Wa nani?"

"Mke wangu."

"Aliitwa nani?"

"Luu."

Walisema pole. Wengine walitaka kujua alikuwa mtu gani. Naye, ambaye hakuwa na maneno, akawapa moja moja. Aliuza wali. Alicheka kwa pua. Nguo alizianika ndani nje, zisichuje. Mwaka ule Luu alitajwa kwenye mitaa ambayo akiwa hai hakuwahi kuikanyaga.

Mwaka wa msiba ukatimia. Ndugu walikuja, wakala, wakachoma kile kitambaa pamoja na karatasi zinazochomewa marehemu, kama ipasavyo. Kilikuwa kidogo, kiliungua mara moja.

Kesho yake alikuwa na mteja, kinyozi, kwenye nyumba nyembamba nyuma ya soko. Thuc akanyanyua mlango, akampa ufunguo, akarudi ukingoni. Kinyozi akamtazama kifuani.

"Mzee, si umemaliza? Ingia basi."

Thuc akasimama. Akatazama barabara juu, akatazama chini. Pikipiki zilipita kama maji. Kisha akavua viatu, akavuka. Ndani palinuka saruji na paka. Alitembea hadi nyuma, mkono unagusa ukuta, akapanda ngazi, akashuka. Hakusema hapa feni. Hakusema hewa nzuri. Kinyozi alikuwa akimfuata akingoja sifa.

"Vipi?"

"Ngazi mbovu, na maji yanasimama jikoni," Thuc akasema, akawa tayari anavaa viatu. "Panda pikipiki. Kuna nyingine mtaa wa pili."